Hoji, Ila Usitoke Mstarini

Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu. Walipinga sheria mpya iliyowataka wasomi kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa takriban miaka miwili: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini huku wakichukua asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akaghadhibika, akatangaza papo hapo kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, halafu akawatimua vijana karibu 400 warudi makwao. Wengi wao walirejeshwa baadaye. Lakini tazama kalenda: miezi mitano baada ya siku ile, Machi 1967, rais huyohuyo alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na ndani yake akataka shule zimjengee mtoto akili ya udadisi.

Tukio hilo hutajwa mara nyingi ama kumsuta Nyerere ama kuwasuta wasomi. Mimi nalitaja kwa sababu shule na jeshi vilikutana uso kwa uso pale, na kila upande ulikuwa na neno. Vijana walihoji, ingawa walihoji zaidi mifuko yao. Rais alitaka wavumilie, na naye akaanza kuvumilia kwa mshahara wake. Hakuna aliyempa mwenzake nafasi.

Leo maneno yale mawili, kuhoji na kuvumilia, yamejaa kwenye mitaala. Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 2019, unauhesabu ufikiriaji makinika kuwa miongoni mwa umilisi wa msingi. Tanzania ilihamia mtaala wa kujenga umahiri tangu 2005. Stadi za maisha, pamoja na kukabiliana na msongo, zimekuwa kwenye nyaraka za Shirika la Afya Duniani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na JKT kwa mujibu wa sheria, lililositishwa 1994, lilirudi 2013 kuwachukua wahitimu wa kidato cha sita. Kwa maandishi basi, kijana anafunzwa kuhoji tangu akiwa mdogo, kisha anafunzwa ukakamavu akishakua.

Wazungumzaji watatu wanaofuata nimewabuni. Mmoja ni mwalimu wa sekondari ya kata mkoani Dodoma, mmoja ni sajini mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na wa tatu ni mnasihi kijana kutoka Nairobi. Nimewakutanisha Arusha, mji ambao wote watatu wanaweza kudai ni wao, wajadili kama shule na jeshi vifundishe kuhoji na kustahimili. Watu hawa hawapo. Mambo wanayoyataja yalitokea.

SAJINI: Nianze kwa kuwapunguzia kazi. Mnauliza kama jeshi limfundishe askari kufikiri. Jeshi lisilomfundisha litamzika. Ila kuna saa ya kufikiri na kuna saa ya kulala chini. Ukiambiwa "lala" halafu ukauliza "kwa nini, afande", jibu litakufikia kwa mwendo wa risasi.

MWALIMU: Hilo nakubali, Afande. Lakini darasani kwangu hakuna risasi. Kwa nini basi nami nimerithishwa gwaride? Asubuhi wako mstarini, kiranja anaandika majina ya waliochelewa, mwalimu wa zamu kashika fimbo. Mtoto akinyoosha kidole akasema "Mwalimu, hapo ubaoni umekosea", darasa zima linakaa kimya kungoja kama atapona.

SAJINI: Na huwa anapona?

MWALIMU: Kwangu anapona, tena nampigia makofi. Lakini akitoka kwangu anaingia kwa mwingine, na mtoto si mjinga. Anajifunza nani wa kuulizwa na nani wa kuitikiwa tu. Hiyo nayo ni fikra tunduizi, ila si ile iliyoandikwa kwenye mtaala.

MNASIHI: Kwetu fimbo ilipigwa marufuku mwaka 2001.

MWALIMU: Kwetu bado ipo, visizidi viboko vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Kwenu imeisha?

MNASIHI: Kwenye karatasi imeisha, dada. Lakini mimi sikuja kuzungumzia fimbo. Nimekuja kuzungumzia moto. Machi 2001, mwaka uleule, bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, liliungua usiku kwa petroli na wavulana 67 wakafa. Waliofikishwa mahakamani walikuwa wanafunzi wawili. Mwaka 2016 shule zaidi ya mia moja zilichomwa sehemu au majengo yake, nyingi katika muhula wa pili, ule wa mitihani ya majaribio. Kila baada ya moto huundwa kamati, na kila kamati hupendekeza ushauri nasaha. Wafundisheni watoto kukabiliana na msongo, wanasema. Sasa mimi ndiye ninayeletwa kufundisha hayo, na nawaambieni kwamba sijakutana na mwanafunzi wa bweni asiyejua kuvumilia. Anaamka saa kumi alfajiri, anakula maharage yaleyale wiki nzima, anasoma hadi saa nne usiku, hamwoni mama yake kwa miezi mitatu. Angekuwa hajui kuvumilia angeondoka wiki ya kwanza. Anachokosa ni pa kusemea kabla uvumilivu haujamwishia.

SAJINI: Hayo ya kukosa pa kusemea nayajua kwa jina lingine. Tarehe 20 Januari 1964, kambi ya Colito, hii tunayoiita Lugalo, askari wa Tanganyika Rifles waliwakamata maofisa wao Waingereza. Walitaka nini? Mshahara uongezwe, na uofisa wapewe Waafrika. Nchi ilikuwa huru kwa miaka miwili na kitu, na bado Mwingereza ndiye aliyekuwa akitoa amri kambini. Madai yale si ya kichaa. Siku tano baadaye, makomando wa Uingereza wakatua kuwanyang'anya silaha, kwa ombi la serikali yetu wenyewe. Jeshi zima likavunjwa, na JWTZ likazaliwa tarehe 1 Septemba. Mimi habari hii nilifundishwa kambini nikiwa kuruta, na fundisho lilikuwa moja tu: utii. Nimekuja kuzeeka ndipo nikaona la pili ambalo halikuwa kwenye somo. Askari mwenye dai la haki akikosa wa kumpelekea, atalipeleka na bunduki.

MWALIMU: Na baada ya hapo, walipata wa kumpelekea?

SAJINI: Askari waliruhusiwa kuwa wanachama wa chama tawala, TANU, makamisaa wa siasa wakaingia vikosini. Kukawa na vikao. Mambo yakawa yanazungumzwa.

MWALIMU: Yalizungumzwa au yalitangazwa?

SAJINI: (anacheka) Yote mawili, binti yangu. Ulijifunza upesi kikao kipi ni kipi.

Namkatiza Sajini hapa, maana ameligusa jambo ambalo mjadala wa kawaida juu ya stadi za maisha hulikimbia. Tumezoea kuliuliza swali hili kama suala la mtaala: tuweke somo gani, vipindi vingapi, kitabu kipi. Moto wa bwenini na maasi ya kambini havikutokana na upungufu wa vipindi. Waliohusika walikuwa wameshafikiri na kufikia uamuzi kwamba anayewaongoza haambiliki, na mara nyingine uamuzi huo ulikuwa sahihi hata kama walichokifanya baada yake kilikuwa uhalifu. Narudi kwao.

MWALIMU: Mnanipeleka mahali nisipopataka. Mkiendelea hivyo tutasema shule haina la kufundisha mpaka nchi nzima ibadilike, nami Jumatatu nina vipindi sita. Hebu tuangalie kilichowezekana. Mwaka 2016 watafiti wa Makerere na wenzao wa Norway waliingia katika shule za msingi 120 za katikati mwa Uganda na kitabu cha hadithi za picha. Kilikuwa kinamfundisha mtoto wa miaka kumi hadi kumi na miwili jambo dogo sana: kupima madai ya tiba. Mtu akikuambia upake kinyesi cha ng'ombe mahali palipoungua moto, anajuaje kwamba kinaponya? Amelinganisha na nini? Ni watu wangapi walipakwa, na wasiopakwa walikuwaje? Vipindi tisa tu, dakika 80 kila kimoja, muhula mmoja. Watoto zaidi ya 10,000 wakafanyiwa mtihani. Waliofundishwa walifaulu asilimia 69, wasiofundishwa asilimia 27. Baada ya mwaka wakapimwa tena, na tofauti ilikuwepo bado.

MNASIHI: Na walimu walikuwa akina nani?

MWALIMU: Walimu walewale wa shule zile, baada ya semina fupi. Hakuna aliyeletwa kutoka nje kusimama ubaoni. Kinachonifurahisha ni kwamba watoto hawakuhubiriwa "fikirini kwa kina". Walipewa maswali ya kuuliza, wakayarudia mpaka yakawakaa.

SAJINI: Basi hilo ni gwaride! Bunduki unaifungua na kuiunganisha, unaifungua na kuiunganisha, mpaka mikono inaijua gizani. Siku ya hatari hufikirii sehemu gani inaingia wapi, akili inabaki huru kuwaza mengine. Raia wanaona gwaride ni la kumuua mtu akili. Mazoezi mazuri ndiyo yanayomwachia akili afanyie kazi.

MWALIMU: Mazoezi ya kuuliza, Afande. Si ya kuitikia.

SAJINI: Nimekusikia.

MWALIMU: Sasa nikuonyeshe kinachokwamisha. Darasa langu lina wanafunzi sabini. Mthibiti ubora akija anataka kuona azimio la kazi, andalio la somo na madaftari yaliyosahihishwa. Na mwisho wa yote kuna mtihani wa taifa. Swali linasema "Taja faida tano". Mtoto aliyesimama kwenye faida ya tatu akajiuliza kama ni faida kweli, na kwa nani, amepoteza dakika na alama. Mwenzake aliyekariri amepita. Mwaka unaofuata wadogo zao wanajua wamwige nani. Nikiwa mkweli, mimi mwenyewe ikifika Agosti naacha udadisi, nagawa maswali ya mitihani iliyopita. Wazazi wanataka watoto wafaulu, na wana haki.

MNASIHI: Lakini watoto wa kukariri wamewahi kutushangaza. Mwaka 2024 vijana wetu waliuchukua Muswada wa Fedha, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaelezana kwa simu kodi ya mkate itakuwa shilingi ngapi. Hao si watoto wa mtaala mpya. Ni wa mfumo wa 8-4-4, ule tuliousema hautoi kitu ila makasuku.

SAJINI: Kwa hiyo somo halihitajiki?

MNASIHI: Nasema walikuwa na kitu halisi cha kuhoji, kinachowagusa, na wenzao wa kuhojiana nao. Darasani hawakuwa na hata kimoja. Na Mzee, tusisahau ilivyoendelea. Tarehe 25 Juni watu walipigwa risasi, na siku ileile serikali ikaagiza jeshi, KDF, lisaidie polisi. Ndiyo nakuuliza wewe: yule askari aliyetolewa kambini, rika moja na waandamanaji, yeye alifundishwa nini?

SAJINI: Kulinda majengo.

MNASIHI: Basi?

SAJINI: Nimekujibu kifupi kwa sababu jibu refu linaniuma. Ngoja nifike huko kwa njia yangu. Kwanza tumalize la kustahimili, maana hapo ndipo watu wenye kalamu wanapowadanganya wanajeshi.

MNASIHI: Hapo nakuunga mkono, na kwa mfano wa huko Marekani. Martin Seligman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikuwa na programu ya watoto wa shule: mtoto anafundishwa kulitambua wazo linalomvunja moyo, analihoji, analibadilisha. Mwaka 2009 jeshi la nchi kavu la Marekani likaichukua na kuipeleka kwa askari wake wote, zaidi ya milioni moja. Masajini, watu kama wewe Mzee, wakapelekwa kozi ya siku kumi ili wakawafundishe wengine. Zilitumika zaidi ya dola milioni mia moja, na programu ilisambazwa kabla haijajaribiwa kwanza kwa askari wachache. Mwaka 2014 jopo la Taasisi ya Tiba ya nchi hiyohiyo likakagua, likasema ushahidi kwamba inawakinga askari na maradhi ya akili hautoshi.

SAJINI: Wale vijana walikuwa wanarudishwa Iraq na Afghanistan mara tatu, mara nne. Halafu mtu anakaa na sajini wake kujadili namna anavyowaza! Kilichomharibu ni ratiba ya safari. Wazo lake lilikuwa sahihi kabisa: akirudishwa tena atakufa au atarudi si yeye.

MNASIHI: Uingereza nako walijaribu shuleni, kwa uangalifu mkubwa zaidi. Shule 85, wanafunzi zaidi ya 8,000 wa umri wa kuanza sekondari, na baadhi yao wakafundishwa mazoezi ya kutuliza akili, kuitazama pumzi, kutokimbizana na mawazo. Matokeo yalitoka 2022. Hawakuwa tofauti na wale walioendelea na masomo yao ya kawaida. Wengi hawakuyafanya mazoezi nyumbani, na nani atawalaumu? Waliopata nafuu kidogo walikuwa walimu.

MWALIMU: Walimu tunahitaji pumzi kuliko wote.

SAJINI: Nami nina la kwetu. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki, upande wa Beni huko Kongo, walinda amani wetu wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja. Walipigana kwa saa nyingi. Umoja wa Mataifa ukachunguza, na miongoni mwa waliyoyakuta ni kwamba misheni haikuwa na mpango ulio tayari wa kuwaongezea nguvu wala kuwaondoa. Sasa niambie, somo la kustahimili ulipeleke kwa nani pale? Vijana walistahimili mpaka mwisho wa uwezo wa binadamu. Aliyetakiwa kufundishwa kufikiri alikuwa ofisini, na ramani, na miezi ya kupanga.

Sajini amenipita, maana nilikuwa nikitafuta namna ya kulisema hili bila kuonekana napuuza maumivu ya mtu. Mafunzo ya ustahimilivu yana mvuto wa pekee kwa wakubwa, wawe wakuu wa shule au majenerali: yanahamisha mzigo. Bweni la watoto arobaini lililojazwa mia moja linabaki lilivyo, ila sasa kila mmoja wa wale mia anajua kuvuta pumzi hadi hesabu ya nne. Ndiyo maana naona ni hatari kuvitenganisha hivi viwili, kuweka kuhoji kwenye somo la Uraia na kustahimili kwenye ofisi ya mnasihi. Mtu akifundishwa kustahimili bila kuhoji, anafundishwa kuzoea. Lakini Mnasihi hakubali niishie hapo, na ana haki, kwa sababu yeye ndiye anayekaa na watoto.

MNASIHI: Mkishamaliza kumlaumu mkubwa, mtoto bado amekaa mbele yangu na halali usiku. Nimwambie angoje bweni jipya? Kuna kijana wa Kenya, Tom Osborn, yeye na wenzake walianzisha kitu kinaitwa Shamiri. Hawakuleta madaktari, kwa sababu hawapo wa kutosha. Walichukua vijana waliomaliza sekondari juzi juzi, wakawapa mafunzo mafupi, wakawaweka na vikundi vya wanafunzi saa moja kwa wiki, wiki nne. Wanazungumza kwamba mtu anaweza kubadilika, wanaandika wanachokishukuru, wanataja wanachokithamini. Utafiti wao wa 2021 ulihusisha wanafunzi 413 wa Nairobi na Kiambu, wote wakiwa na dalili za sonona au wasiwasi. Dalili zilipungua, na nafuu ilidumu kwa miezi.

MWALIMU: Ikilinganishwa na wasiofanyiwa lolote?

MNASIHI: Swali zuri. Hapana, ikilinganishwa na kikundi kilichofundishwa mbinu za kusoma, kwa saa zilezile na vijana wa aina ileile. Nacho kilipata nafuu, ila si kwa kiasi kile.

MWALIMU: Basi mimi nasikia kitu kingine hapo. Sehemu ya dawa ni yule kijana. Mtu aliyekuzidi miaka mitatu au minne, aliyepita bweni kama lako, amekaa nawe kwenye duara, hana fimbo, haandiki jina lako popote. Mtoto hajawahi kukaa hivyo na mtu mzima yeyote wa shule.

MNASIHI: Inawezekana. Na tofauti na kule Uingereza, hapa walichaguliwa wanaoumwa, si darasa zima. Asiyeumwa ukimpa dawa atakuona msumbufu.

MWALIMU: Afande, ulisema utafika kwa njia yako. Umefika?

SAJINI: Nimefika. Askari ana sheria mbili kichwani. Ya kwanza, tii. Ya pili, Mkataba wa Roma, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2002, kifungu cha 33: amri ya kutenda mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya binadamu ni haramu waziwazi, na huwezi kujificha nyuma ya aliyekuamuru. Hiyo inafundishika. Unampa kuruta mifano, unamuuliza, anajibu, unamrudisha tena. Lakini nataka niwape kisa kigumu zaidi. Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali, mwangalizi wa Umoja wa Mataifa mjini Kigali, Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Yeye hakuamriwa kuua mtu. Amri aliyokuwa nayo ilikuwa ya kutojiingiza. Asubuhi ya tarehe 7 Aprili Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa, na Diagne akawachukua watoto wake na kuwaficha. Kisha akaendelea, wiki baada ya wiki, akiwapakia watu wachache wachache kwenye gari na kuwapitisha kwenye vizuizi vya wauaji, kwa utani, kwa sigara, kwa kufahamiana. Aliokoa mamia. Tarehe 31 Mei kombora lilianguka karibu na kizuizi alipokuwa amesimama, likamuua.

MNASIHI: Aliivunja amri.

SAJINI: Kila siku. Na kamanda wake, Jenerali Roméo Dallaire, alijua, na hakumzuia. Watu humtaja Diagne wakamsahau huyo aliyekaa kimya kwa makusudi. Umoja wa Mataifa ulikuja kuipa medali ya ushujaa jina lake mwaka 2014, miaka ishirini baadaye. Unaniuliza nitamfundishaje kuruta awe Diagne? Siwezi. Moyo ule sina mahali pa kuutoa. Ninachoweza ni kuwafundisha wanaokuja kuwa makamanda wasiwe ukuta. Sajini anayemwambia koplo "ukiona nakosea niambie tukishatoka kwenye mstari", halafu koplo akimwambia asimpeleke kuchota maji ya jikoni wiki nzima. Ukifanya hivyo mara tatu, kombania nzima inajua. Ukimwadhibu mara moja, nao wanajua.

MWALIMU: Ndiyo ile ya nani wa kuulizwa na nani wa kuitikiwa.

SAJINI: Ndiyo hiyo. Na kuna chombo chake. Baada ya zoezi tunakaa chini, cheo kinawekwa kando: tulikusudia nini, kimetokea nini, kwa nini, safari ijayo tufanyeje. Wamarekani walikiingiza kwenye mafunzo yao miaka ya 1970 na majeshi mengi yakakichukua, kwa sababu kinaokoa watu. Koplo anasema mbele ya wote kwamba luteni alipotea njia. Luteni haruhusiwi kununa.

MNASIHI: Hanuni kweli?

SAJINI: Ananuna, ila ananunia hemani kwake. Kwenye duara anaandika. Mwalimu, chukua hicho upeleke shuleni. Kila Ijumaa, saa moja. Kiranja aongoze, mkuu wa shule azungumze wa mwisho kabisa.

MWALIMU: Mkuu wangu atakubali kwa sharti mada zitoke kwake.

SAJINI: Basi si chombo hicho, ni baraza la kusomewa matangazo. Mada zitoke kwa watoto.

MWALIMU: Watoto watasema chakula. Wiki ya kwanza chakula, wiki ya pili chakula.

SAJINI: Kuruta nao huanza na chakula. Ukiwatengenezea chakula, wiki ya tatu wanakuambia mambo ambayo hukuyajua, nani anaonewa bwenini, mwalimu gani haingii darasani. Usipokitengeneza hawatakuambia kitu tena.

MNASIHI: Na mwanafunzi akisimama akamtaja mpishi, kwamba anatoka na maharage ya shule kila Alhamisi, na mpishi ni shemeji wa mkuu?

MWALIMU: Hapo ndipo nitakapojua kama mkuu aliposema ndiyo alimaanisha ndiyo.

SAJINI: Hapana, hapo bado. Kusema ndiyo ni rahisi hata siku hiyo, mbele ya watu. Ngoja Alhamisi inayofuata, halafu kahesabu magunia stoo.